Hatukuandikishana, sasa shoga yangu ananiruka

*Shangazi, shikamoo. Mwaka 2022 nilimtumia shoga yangu milioni nane kwa simu, awamu tatu, tufanye biashara ya dagaa. Mtaji wangu, yeye anunue soko la Mwaloni Kirumba na kusafirisha Dar, faida nusu kwa nusu. Miaka miwili alinitumia changu kila mwezi, kisha akanyamaza. Nikimdai anasema ulikuwa mkopo, ameshaumaliza, na hatukuandikishana. Nina haki kweli? – Niliyerukwa, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Haki unayo. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka ridhaa ya hiari, watu wenye sifa ya kuingia mkataba, kila upande kutoa kitu, na jambo lenyewe liwe halali. Maandishi hayadaiwi, ila pale sheria nyingine inapoyataka. Ungekuwa umeniuliza habari ya kununua kiwanja, ningekujibu vingine.

Kazi yako ni ushahidi, maana anayedai ndiye anayethibitisha. Muamala wa simu unaonyesha pesa ilitoka kwako. Hausemi ilikuwa mtaji au mkopo, na hapo ndipo shoga yako alipojificha. Basi tazama alivyokuwa anakulipa. Mkopo una kiasi kinachojulikana, unapungua mpaka unaisha. Faida hupanda na kushuka. Kama mwezi mmoja alituma 410,000 na mwingine 175,000 pamoja na ujumbe "mzigo ulinyeshewa, bei imeanguka", huo ujumbe ni dhahabu. Anayekopeshwa halipi pungufu kwa sababu dagaa wamelowa.

Kwa hiyo omba kampuni ya simu taarifa ya miamala yote tangu 2022. Simu yenye meseji hizo usiiuze wala usiisafishe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua, lakini picha tupu za skrini ni rahisi kupingwa kuwa zimechezewa. Andika majina ya waliosikia mkipatana, au waliomsikia akikuita mwenzake wa biashara: dereva, mpagazi, mwenye stoo.

Kisha, kabla ya kutaja mahakama, mwandikie kwa upole: "Shoga, naomba hesabu ya mzigo tangu uliponitumia mara ya mwisho, kwa mtaji wangu wa milioni nane na ile nusu kwa nusu yetu." Akijibu "subiri soko likae sawa", hajakana. Usitukane, maana meseji zako nazo zitasomwa mbele ya hakimu.

Akiendelea kukuruka, amua unadai nini. Wengi hujikwaa hapa. Ukisema mlikuwa wabia, una haki ya kuona hesabu na kupata nusu ya faida, naye hawezi kujikata mshahara wa kusimamia biashara kama hamkukubaliana hivyo. Ila mbia hubeba na madeni! Kama mwenzio anadaiwa na wavuvi au mwenye lori kwa ajili ya biashara hiyo, wanaweza kukufuata na wewe. Ulizia sokoni kimyakimya kwanza.

Kama unachotaka ni kiasi maalumu unachoweza kukionyesha, mpelekee barua ya madai yenye kiasi hicho na siku 14 za kulipa, asaini nakala yako. Akigoma kusaini, mkabidhi mbele ya shahidi. Asipolipa, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni la mkataba lisilozidi milioni 30. Lakini ukitaka ubia uvunjwe na hesabu zote zifumuliwe, mwone wakili, kwani kesi hiyo huanzia ngazi ya juu zaidi.

Usikae ukimsubiri aone haya. Kwa kawaida madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, na ahadi zake za mdomo hazisogezi tarehe hiyo. Kukiri deni kwa maandishi yenye saini yake huanzisha hesabu upya. Akija kuomba muda, mpe, baada ya kusaini.