Kumtafuta ndege wa vijito vya milimani: kwa wanaoanza

Ukianza kutazama ndege huku magharibi mwa Kenya, mapema utasikia habari za Cinclus, ndege mwimbaji anayezama kijitoni na kutembea chini ya maji akitafuta wadudu. Makao yake ni Ulaya, Asia, Amerika na milima ya Atlas kaskazini mwa Afrika. Kwetu hayupo. Lakini vijito vyetu vina mwenyewe: Motacilla clara, mwembamba, kijivu mgongoni, mweupe tumboni, na utepe mweusi kifuani. Hazami. Huruka jiwe hadi jiwe akidonoa wadudu, mkia wake mrefu ukitikisika bila kukoma.

Mtafute penye maji ya kasi, mawe na kivuli cha miti, kama Mto Isiukhu katika msitu wa Kakamega au vijito vinavyoshuka Mlima Elgon. Penye matope na maji yaliyotuama usipoteze asubuhi yako.

Wanaoanza hutembea mno. Mimi nakusihi uketi. Ndege hawa huishi wawili wawili, dume na jike, na kila jozi hulinda sehemu yake ya mto. Tazama mawe yaliyo katikati ya maji: yakiwa na madoa meupe ya kinyesi, huenda hapo ndipo wanaposimama. Chagua mahali unapoona mawe kadhaa kwa pamoja, weka darubini tayari, usubiri. Usitegemee masikio peke yake, kwani mlio wake ni mkali lakini mfupi, na kishindo cha maji huufunika. Macho yafuate mkia.

Usimchanganye na Motacilla aguimp, mweusi na mweupe, ambaye utamkuta hata ufukweni Dunga, Kisumu, karibu na watu. Kati ya Oktoba na Machi hufika pia Motacilla cinerea kutoka kaskazini, naye hupenda vijito hivi hivi. Angalia chini ya mkia: pakiwa na manjano, ni huyo mgeni.

Toka alfajiri. Huku mvua hupenda kunyesha alasiri, na ikinyesha mlimani kijito hufura hata kama ulipo jua linawaka. Maji yakigeuka rangi ya udongo, panda ukingoni mara moja.

Na ukimwona amebeba wadudu mdomoni bila kuwameza, jua ana makinda karibu, pengine kwenye ufa wa mwamba kando ya maporomoko. Hapo ondoka, hata kama hujapata picha.