TBP si TBPO: kwa mnaoanza na viyeyushi vya urani

Kila muhula daftari mpya, kosa lilelile. Wadogo zangu wa maabara za Mtwara na Lindi, someni hili kabla hamjagusa faneli ya kutenganishia.

1. Choreni TBP, kiyeyushi kinachovuta urani kutoka kwenye asidi, sawasawa. Hapa ndipo panapouma, na sisi tunaofundisha tuna lawama yetu: tunaandika herufi tatu ubaoni, tunatamka tributaili fosfeti, tunakimbilia mlinganyo. Kijana anabaki na minyororo mitatu ya kaboni iliyobandikwa moja kwa moja kwenye fosforasi. Hiyo si TBP. Hiyo ni tributaili fosfini oksaidi, TBPO.

Fosforasi ya TBP imezungukwa na oksijeni nne. Moja ina bondi mbili. Tatu zina bondi moja moja, na kila moja ya hizo imeshika butaili ya kaboni nne. Jumla C12H27O4P, gramu 266.3 kwa moli. Ukizisahau zile tatu unapata gramu 218.3, na moli zako zote zinazidi kwa asilimia 22. Halafu mnalaumu mizani!

Na uzito ni nusu ya hasara. Oksijeni ya bondi mbili ndiyo mkono unaoishika urani. Zile tatu za kando huvuta elektroni kwao na kuulegeza mkono huo. Ukiziondoa moja moja, kutoka fosfeti kupitia fosfoneti na fosfineti hadi fosfini oksaidi, mkono unakaza. Wengi wenu mtajibu kwamba unaokaza ndio bora. Sivyo. Anayesafisha fueli ya nyuklia iliyotumika anataka urani ipande kwenye tabaka la mafuta lenye TBP ikiwa katika asidi ya nitriki ya moli 3 hivi kwa lita, kisha ishuke tena akiisuuza kwa asidi nyepesi mno. TBP inashika na inaachia. TBPO ingeng'ang'ania. Ndiyo sababu viwanda vya kusafisha fueli hiyo vya La Hague, Ufaransa, na Sellafield, Uingereza, vilichagua fosfeti.

Butaili nazo zina kazi: kuiweka molekuli upande wa mafuta. Tazameni mafuta ya ganda la korosho yanayowachubua vidole wabanguaji. Asidi ya anakadi iliyomo ina kichwa chenye oksijeni na mkia wa kaboni 15. Kichwa kingependa maji, mkia unakatalia. TBP imeumbwa kwa ugomvi huohuo.

2. Asilimia 30 ni ya ujazo. Mililita 30 za TBP (gramu 29.2) kwenye chupa ya mililita 100, jaza dodekeni (mafuta mepesi ya kuzimulia) hadi alama: moli 1.1 kwa lita. TBP tupu ni nzito karibu sawa na maji, gramu 0.97 kwa mililita, na inachelewa kutengana. Mchanganyiko ni 0.82, unaelea bila shida. Kila urani hukamata TBP mbili, UO2(NO3)2·2TBP, hivyo kikomo cha hesabu ni gramu 130 za urani kwa lita.

3. Pindueni faneli taratibu. Mkiitikisa kama mnakamua tui, mtapata tui kweli, na mtalisubiri hadi jioni.

4. Osheni kiyeyushi cha zamani. Asidi na mionzi huikata TBP butaili moja, inabaki HDBP, asidi yenye butaili mbili tu, ambayo hung'ang'ania zirkoni na plutoni. Kaboneti ya sodiamu huitoa. Kama kuna asidi iliyosalia, gesi itafoka: fungueni bomba la faneli kila baada ya kupindua, mdomo wake ukielekea mbali na mwenzako.

5. Msipashe moto TBP iliyokaa na asidi ya nitriki. Hiyo ndiyo njia ya "mafuta mekundu", mchanganyiko wa TBP na asidi ulioharibika kwa joto, yaliyolipuka Savannah River, Marekani, 1953 na 1975, na Tomsk-7, Urusi, Aprili 1993. Kikomo kinachowekwa viwandani ni nyuzi 130 za Selsiasi.

6. Urani haihitajiki kuyaona haya, na ina vibali vyake vya Tume ya Nguvu za Atomiki. Chukueni mililita 20 za asidi ya nitriki ya moli 3 na mililita 20 za mchanganyiko wenu, pindueni dakika tano, acheni zitengane. Pimeni asidi ya tabaka la chini kwa bureti ya hidroksidi ya sodiamu, kabla na baada. Iliyopungua imepanda juu, imejishikiza kwenye oksijeni ya bondi mbili. Ichoreni hapo.