Meza ya ruta: ununue au ujitengenezee?

Mkuu, umeuliza ununue meza ya ruta (mashine ya kuchongea mbao, hufungwa chini ya meza kisu kikitokeza juu) au ujitengenezee, na chumba hapo Mikindani ni kidogo. Jitengenezee. Muhimu ni uso ulionyooka: simamisha rula ya chuma juu yake, ukiona mwanga unapenya chini, achana nayo. Ya kwangu hapa Lindi niliunda kwa MDF tupu, yale mabamba ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Unyevu wa pwani ukavimbisha kingo, ubao wa mninga ukawa unakwama katikati. Bandika fomaika, ile karatasi ngumu laini ya kufunika mbao, juu na chini pia. Cha kuegemezea mbao kisikuumize kichwa, ubao ulionyooka na klampu mbili vinatosha. Swichi iweke mbele, karibu na goti. Halafu sukuma mbao toka kulia kwenda kushoto, ikabili mzunguko wa kisu. Ukigeuza, inachomoka mkononi kama kambale.