Maji mbele ya televisheni

Mwanangu,

Makala ulizonitumia nimezisoma zote. Umeniuliza kama utafiti wa elimu ya batini, yaani mafundisho ya siri kuhusu nguvu na hekima zisizoonekana, ulishamiri Urusi na kwa jirani zake baada ya ukomunisti kwa sababu watu walianza kuamini upya, au kwa sababu wasomi waliruhusiwa tu kuandika.

Kuamini upya? Mimi nilikuwako. Kharkiv, Ukraine ya Kisovieti, 1989, mwaka wangu wa nne chuoni. Asubuhi televisheni ya serikali, ile ile ya habari za chama, ilimwonyesha Allan Chumak, mganga wa televisheni, amekaa kimya akipunga mikono, na watu wameweka maji mbele yake ayatie nguvu. Mama wa zamu wa bweni letu alileta chupa ya lita 3 iliyokuwa ya matango, ameisugua hadi inang'aa, kifuniko kakiweka kando. Nikacheka mbele ya wenzangu. Nikamwuliza, kwa Kirusi changu cha kujivuna, hiyo ndiyo sayansi? Hakukasirika. Akaniuliza, "Kwenu hamna?"

Nikajibu, "Hamna."

Hamna! Na kombe alilonifanyia bibi yako siku ya safari? Sahani nyeupe, zafarani, mwalimu anaandika aya, zinaoshwa kwa marashi, nami nakunywa mlangoni kwetu Pangani basi likipiga honi. Nilimkana mama yangu kwa neno moja.

Nimekwambia tangu mdogo: ukitaka kujua watu wanaamini nini, tazama wanachoweka mezani. Yule mama hakuanza 1989. Blavatsky, yule mwanamke mwasisi wa Theosofia, mojawapo ya mafundisho hayo ya batini, alizaliwa 1831 katika mji ambao leo ni Dnipro, si mbali na tulipokaa, na hakuna mwalimu wetu aliyemtaja. Chama cha Waanthroposofia, wafuasi wa mafundisho ya Rudolf Steiner, kilipigwa marufuku 1923. Waliojiita Watempla, kundi la siri la mafundisho kama hayo huko Moscow, walikamatwa 1930. Wakomunisti walipoondoka, majalada ya polisi wa siri yakaanza kufunguliwa, na humo watafiti wakawakuta watu hao, maana mpelelezi alikuwa ameandika kila jibu. Aliyetaka kuwafuta ndiye aliyewatunza.

Basi ni wasomi kuruhusiwa? Ndiyo, tena walipata pa kushika: Chuo Kikuu cha Amsterdam kilikuwa na kiti cha profesa wa fani hiyo tangu 1999, na 2005 ikaundwa jumuiya ya watafiti wa Ulaya. Lakini wangesoma nini kama hakuna aliyeficha kitabu chini ya godoro? Halafu najipinga mwenyewe: mtu anayehojiwa na polisi usiku kucha hukiri hata asichokijua. Majalada hayo yasome kwa hadhari, mwanangu. Mezani kwa watu, ndiko pa kuangalia.

Unasema profesa wako hataki mtafiti aseme mambo haya ni kweli au si kweli. Sheria hiyo inanitafuna. Mimi ni mhandisi wa maji. Najua maji yanabeba nini na hayabebi nini. Ulimi unaniwasha. Ila yule mama alikunywa glasi moja kila asubuhi kabla ya zamu, na mimi nimeshamjibu mara moja, nikajibu vibaya. Sisemi.

Sahani ya kombe iko kwa shangazi yako. Nimemwambia asimpe mtu mpaka uje likizo.

Baba yako