Je, dawa ya dharura ya kifafa cha mbwa iwekwe tayari kwenye bomba?

SWALI: Daktari, mbwa wangu wa kilo 20 ana kifafa na hutumia fenobabitali asubuhi na jioni. Nimepewa ampuli (vichupa vidogo vya kioo) za diazepamu za kumwingizia kwa njia ya haja kubwa akishikwa na kifafa kirefu. Kwa kuwa humshika usiku, naweza kuivuta dawa mapema na kuiacha kwenye bomba la sindano? Na zikiisha, nimpe vidonge? Msomaji, Arusha.

JIBU: Ndugu msomaji, bomba liweke karibu, lakini dawa ibaki ndani ya ampuli hadi saa ya kuitumia, kwa sababu plastiki huinyonya diazepamu na mwanga huiharibu, hivyo iliyovutwa siku nyingi inaweza kumfikia mbwa ikiwa imepungua nguvu.

Mara anapoanza kukakamaa, tazama saa. Vifafa vingi hukoma vyenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Kinachozidi dakika 5, au kinachorudi kabla hajapata fahamu, huhatarisha uhai, kwani joto la mwili hupanda mno na ubongo huanza kudhurika. Ondoa sindano yenyewe kwenye bomba, paka ncha mafuta ya kulainisha, kisha umwingizie.

Kipimo ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kwa kawaida ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, lakini mbwa anayetumia fenobabitali mara nyingi huandikiwa miligramu 2, kwa sababu dawa hiyo hulifanya ini liivunje diazepamu upesi. Kwa mbwa wako hizo ni miligramu 40, nazo ampuli nyingi huwa na miligramu 10 tu katika mililita 2, kwa hiyo ampuli moja haitamfaa kitu. Mwombe daktari wako akuandikie idadi ya mililita.

Vidonge usimpe wakati wa kifafa: hawezi kumeza, atapaliwa, na anaweza kukung'ata bila kukusudia. Wenye paka nao wajue kwamba diazepamu ya kumeza imewahi kuua ini la baadhi ya paka.

Ulizia pia midazolamu ya kupuliziwa puani. Katika utafiti wa mbwa uliochapishwa mwaka 2017, ilikomesha kifafa kwa mbwa 7 katika kila 10, ilhali diazepamu ya njia ya haja kubwa ilifaulu kwa 2 tu, na mimi ningeichagua popote inapopatikana. Kifafa kisipokoma baada ya dawa, mpeleke kwa daktari usiku huohuo.