Mizabibu mikongwe, ndiyo, lakini mjue mkulima

Umeuliza kama ununue zabibu za mizabibu mikongwe ya Hombolo, huku Dodoma, kwa ajili ya mvinyo mwekundu, au zozote za sokoni. Chukua za mikongwe, ila kwa mkulima unayemwamini. Mzabibu mzee huzaa kidogo, na mara nyingi ladha na rangi hukolea. Lakini umri hausaidii kitu kama mwenye shamba anamwagilia hadi siku ya kuvuna ili mizani isome vizuri (wapo!). Na kwa kuwa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, wengine hukata zikiwa bado mbichi.

Nenda shambani mwenyewe, utafune kokwa. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga iliyokaangwa, zimeiva. Ikiwa ya kijani, subiri. Mvune alfajiri, jua halijawa kali.

Rangi iko kwenye maganda, kwa hiyo yachachushe pamoja na juisi. Yakielea, yazamishe asubuhi na jioni, la sivyo yatakauka juu na kuanza kunuka siki. Na usidanganywe kwamba lazima upate Syrah, ile aina ya zabibu nyekundu ya kigeni. Makutupora nyekundu, aina ya zabibu inayolimwa hapa Dodoma, inatosha kabisa.