Fensi ya msumeno wa meza imepasuka kichwa: tengeneza kingine cha chaneli

Ndugu, umesema kichwa cha fensi (kile kipande kinachoibana fensi, yaani ukingo wa kuongozea ubao, kwenye reli ya mbele) kimepasuka, fensi inacheza hata ukiibana, mbao zinatoka zimeungua ubavuni, na spea hazipatikani Amu (Lamu) wala Malindi. Reli yako ya mbele ni bomba la mraba la mm 40. Hiyo inatosha kuanzia.

Usikipeleke hicho kichwa kwa fundi wa kuchomelea. Ni aloi laini ya kumiminwa, itayeyuka kabla haijashikana. Kitupe. Boriti, ule mwili mrefu wa fensi, ibakishe ikiwa imenyooka: ilaze juu ya kioo cha dirisha, usione mwanga chini yake.

Kichwa kipya ni chaneli ya chuma (chuma chenye umbo la U) ya mm 75 kwa 40, urefu mm 300, mdomo ukitazama chini, ikae juu ya reli kama sogi mgongoni mwa punda. Chuma chavuka kwa boti kutoka Mokowe, ng'ambo bara, kwa hivyo nunua na cha akiba. Chaneli usiifupishe. Ulegevu wa nusu milimita kwenye kichwa cha mm 100 unakuwa mm 3 kwenye ncha ya fensi ya mm 600; kwenye kichwa cha mm 300 unakuwa mm 1 tu. Mguu wa nyuma wa chaneli unahitaji kama mm 20 kati ya reli na meza. Nafasi ikikosekana, isogeze reli mbele kwa vipande vya bomba na bolti ndefu zaidi.

Kwenye mguu wa nyuma toboa matundu mawili, mm 260 baina yake, uchomelee nati za M6 (za bolti ya mm 6). Kila bolti isukume kipande cha plastiki cha mm 8 kilichokatwa kutoka kibao cha kukatia mboga. Hivyo ndivyo vinavyogusa reli, na ndivyo utakavyonyooshea fensi. Weka nati ya pili ya kufungia, la sivyo mtetemo utavilegeza.

Mbele, katikati, inakaa kemu, ndiyo ya kubania fensi kwenye reli: gurudumu la mm 50 lenye tundu la M8 lililo mm 3 nje ya kitovu. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanatoboa mm 6 au 7 ili ibane haraka, halafu inajifungua yenyewe mashine ikiwaka. Mbambakofi inafaa sana, ila ubao mmoja hupasuka kufuata nyuzi. Gundisha vipande viwili vya mm 10, nyuzi zikikingamana, kwa gundi ya epoksi wanayotumia mafundi wa boti. Kati ya kemu na reli tia plastiki.

Boriti ifunge juu ya chaneli kwa bolti mbili za M8. Moja peke yake itageuka kama bawaba. Chini ya boriti bakisha mm 1 juu ya meza, na ncha ya nyuma ikalie ukanda mwembamba wa plastiki.

Sasa kunyoosha, plagi ikiwa imetolewa. Anza na diski ya msumeno yenyewe: tia alama jino moja, pima kutoka mfereji wa meza (ule unaokwenda sambamba na diski) likiwa mbele, lizungushe nyuma, pima tena. Vipimo vikitofautiana, kosa ni la diski, fensi haina kosa bado. Kisha linganisha fensi na mfereji huohuo. Nyuma inaruhusiwa kuwa mbali zaidi kwa unene wa karatasi mbili za kuchapia, kama mm 0.2. Isiwe karibu kamwe: ubao hubanwa na meno ya nyuma yanayopanda, ndiyo hizo alama za kuungua, na siku nyingine ubao wote hukurukia tumboni. Geuza bolti kidogo kidogo. Robo mzunguko wa M6 husogeza ncha zaidi ya nusu milimita.

Reli ipake nta, si grisi. Grisi hushika unga wa mbao, na unga huo hunyonya unyevu wa chumvi ukakaa juu ya chuma.